Kifua kikuu: Nafasi ya vijidudu vya utumbo na mapafu katika ugonjwa na tiba

MGONJWA wa kifua kikuu anayeanza matibabu katika kaunti za Migori na Homa Bay hukabidhiwa tembe zilizochanganywa dawa nne: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Huzimeza kila siku kwa miezi miwili, kisha huendelea na zile mbili za kwanza kwa miezi minne zaidi. Anayelengwa ni adui mmoja tu, yaani bakteria aliyetambuliwa na daktari Mjerumani Robert Koch, ambaye alitangaza ugunduzi wake mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882.

Hata hivyo, tembe hizo hazimwendei adui huyo moja kwa moja. Hupitia kwanza tumboni na utumboni, mahali palipo na bakteria wengine wengi mno wasiokuwa na hatia yoyote katika ugonjwa huo. Kwa zaidi ya nusu karne tangu dawa hizo zianze kutumiwa, ni wachache waliojishughulisha kuuliza yale yanayowapata bakteria hao wengine. Swali hilo sasa limeanza kujibiwa na wanasayansi, na majibu yanayopatikana yana uzito wa pekee kwa wakazi wa kaunti hizi mbili zilizo kando ya Ziwa Victoria, ambako kifua kikuu, virusi vya Ukimwi na matumizi ya kila siku ya dawa za kuua vijidudu hukutana mara nyingi katika mwili wa mtu mmoja.

Ulimwengu ulio ndani ya mwili

Neno kijidudu huwatia watu wengi hofu kwa sababu hulihusisha na maradhi. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya vijidudu vinavyoishi mwilini havidhuru, na vingi vina manufaa. Kadirio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kuwa mwili wa mtu mzima hubeba bakteria wapatao trilioni 38, idadi ambayo haitofautiani sana na ile ya chembe hai za mwili wenyewe. Wengi wao huishi katika utumbo mpana.

Bakteria hao hufanya kazi ambazo mwili hauwezi kuzifanya peke yake. Humeng'enya nyuzinyuzi za vyakula kama vile mtama, wimbi, maharagwe na mboga za majani, na kutokana nazo hutengeneza asidi ndogo ndogo ambazo hulisha ukuta wa utumbo. Hutengeneza baadhi ya vitamini. Hujaza nafasi ambayo vinginevyo ingekaliwa na vijidudu viletavyo kuhara. Zaidi ya hayo yote, huifunza kinga ya mwili kupambanua kati ya jirani na mvamizi, ili isimshambulie kila inayekutana naye wala isimwachie adui apite.

Mapafu nayo yalidhaniwa kwa miaka mingi kuwa hayana kijidudu chochote mtu anapokuwa mzima. Dhana hiyo ilitokana na ukweli kwamba bakteria wengi wa mapafuni hawaoti katika vyombo vya maabara. Mbinu za kusoma chembe za urithi zilipoanza kutumiwa, hasa kuanzia mwaka 2010, ilidhihirika kuwa hata mapafu ya mtu asiyeugua yana bakteria, ingawa ni wachache mno wakilinganishwa na wale wa utumboni. Wengi wao hutoka kinywani na kooni, wakishuka na mate na pumzi, na mwili huendelea kuwaondoa kwa kukohoa na kwa njia nyinginezo.

Utumbo na mapafu huwasilianaje

Utumbo na mapafu ni viungo vilivyo mbali kwa mbali, lakini vimeunganishwa na damu na kinga ya mwili. Asidi zinazotengenezwa na bakteria wa utumboni huingia katika damu na kubadilisha mwenendo wa seli za kinga zilizo kwingineko. Seli zilizofunzwa utumboni husafiri na kufika mapafuni.

Uhusiano huu una maana kubwa katika kifua kikuu. Inakadiriwa kuwa takriban robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa bakteria wa ugonjwa huu, lakini wengi wao hawaugui kamwe. Miongoni mwa wasio na virusi vya Ukimwi, ni kati ya asilimia 5 na 10 tu ya walioambukizwa ambao hupata ugonjwa wenyewe maishani mwao. Waliobaki huishi na bakteria hao wakiwa wamezingirwa na seli za kinga. Nini hasa kinachomfanya mmoja augue na jirani yake abaki mzima ni fumbo kuu la ugonjwa huu. Lishe, umri, kisukari, pombe, tumbaku na virusi vya Ukimwi ni sehemu ya jibu. Wanasayansi sasa wanachunguza kama vijidudu vya utumbo na mapafu navyo vimo.

Majaribio ya panya yanaashiria kuwa vimo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, panya waliopewa viuavijasumu vya kuvuruga bakteria wao wa utumboni, kisha wakaambukizwa kifua kikuu, walishindwa kuudhibiti ugonjwa sawasawa na wenzao. Waliporudishiwa bakteria wa utumboni kutoka kwa panya wazima, uwezo wa kinga yao uliimarika. Mwaka 2018, watafiti wengine walionyesha kuwa kemikali moja inayotengenezwa na bakteria wa utumboni wanapomeng'enya protini ina uwezo wa kuzuia bakteria wa kifua kikuu katika maabara, na kwamba ilipunguza idadi yao katika panya.

Lakini panya si mtu. Hutunzwa katika vizimba safi, hula chakula cha aina moja, na ugonjwa wao haufanani kikamilifu na wa binadamu. Matokeo hayo yanafungua mlango wa uchunguzi. Hayampi daktari dawa mpya ya kuandika leo.

Dawa zinavyowagusa wasiolengwa

Miongoni mwa dawa nne za kifua kikuu, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli huwashambulia hasa bakteria wa kifua kikuu na jamaa zake wa karibu. Rifampisini ni tofauti, kwani huua aina nyingi za bakteria. Asili yake ni bakteria wa udongoni: mwaka 1957 watafiti wa kampuni ya Lepetit ya Milan, Italia, walimpata katika udongo uliochotwa kusini mwa Ufaransa, na kutokana na kemikali aliyoitengeneza ikazaliwa dawa ambayo hadi leo ndiyo mhimili wa tiba ya kifua kikuu.

Mwaka 2017, tafiti mbili zilionyesha kiwango cha athari hizo. Katika ule wa panya, mchanganyiko wa isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi ulibadilisha haraka muundo wa bakteria wa utumboni, na mabadiliko yakadumu kwa angalau miezi mitatu baada ya dawa kukoma. Rifampisini ndiyo iliyochangia zaidi. Utafiti wa pili ulihusu watu nchini Haiti, nchi yenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Wagonjwa waliokuwa wakitibiwa walikuwa wamepungukiwa na aina mahususi za bakteria, hasa zile zinazotengeneza asidi zenye manufaa kwa kinga. Hata watu waliokuwa wamepona na kumaliza dawa zaidi ya mwaka mmoja kabla walionekana bado kuwa na alama za mabadiliko hayo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba idadi ya jumla ya aina za bakteria haikuporomoka. Kilichobadilika ni nani aliyepo na nani aliyetoweka. Ni kama soko ambalo vibanda vyake vyote vimejaa, ila wauza mboga wameondoka na nafasi zao kuchukuliwa na wauza mitumba: umati ni ule ule, lakini mahitaji ya jikoni hayapatikani.

Kwa nini jambo hili litiliwe maanani? Mtu aliyepona kifua kikuu hana kinga kamili dhidi ya kuugua tena. Katika maeneo yenye maambukizi mengi, baadhi ya waliopona hurudi hospitalini, ama kwa sababu ugonjwa wa kwanza haukwisha au kwa sababu wameambukizwa upya. Utafiti mwingine wa panya uliochapishwa mwaka 2019 uliona kuwa isoniazidi na pirazinamidi zilipovuruga bakteria wa utumboni, seli za kinga zinazolinda mapafu zilipungukiwa na uwezo wa kumkabili bakteria wa kifua kikuu. Iwapo hali hiyo hutokea pia kwa binadamu, na kama ina uzito wowote kwa afya yake, ni suala ambalo bado linachunguzwa.

Bakteria wa mapafuni wasaidiapo na wadhurupo

Ingekuwa rahisi kusema kuwa bakteria wote wanaotengeneza asidi hizo ni rafiki. Utafiti uliofanywa Cape Town, Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka 2017 unaonya dhidi ya hitimisho la haraka. Watafiti waliwafuatilia watu wenye virusi vya Ukimwi waliokuwa wakitumia dawa za kupunguza makali. Waligundua kuwa wale waliokuwa na kiwango kikubwa cha asidi hizo katika damu ndio walioelekea zaidi kupata kifua kikuu baadaye. Walihusisha asidi hizo na bakteria wa kinywani wasiohitaji oksijeni ambao walikuwa wamejikita mapafuni, na wakaonyesha kuwa asidi hizo hudhoofisha baadhi ya seli za kinga ambazo kazi yake ni kupambana na kifua kikuu.

Asidi zile zile zinazolisha ukuta wa utumbo, basi, huenda zikawa na athari tofauti zinapopatikana kwa wingi mahali pengine. Kinachotazamwa si aina ya bakteria tu, bali pia makazi yake, wingi wake na hali ya kinga ya mtu anayembeba.

Kuchunguza mapafu pia ni kugumu kuliko kuchunguza utumbo. Haja kubwa hupatikana bila kumdhuru mtu. Makohozi nayo hupitia kinywani, hivyo hubeba bakteria wa kinywa wanaoweza kupotosha matokeo. Ili kupata sampuli safi ya ndani ya mapafu, daktari hulazimika kuingiza mrija wenye kamera kupitia njia ya hewa, kazi inayohitaji vifaa na utaalamu usiopatikana katika zahanati za vijijini. Ndiyo maana mengi zaidi yanajulikana kuhusu utumbo kuliko mapafu.

Hali ilivyo Migori na Homa Bay

Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa kati ya mwaka 2015 na 2016 ulikadiria kuwa kati ya kila Wakenya 100,000 wenye umri wa miaka 15 na zaidi, 558 walikuwa na kifua kikuu kilichothibitishwa kwa vipimo vya maabara. Idadi hiyo ilikuwa kubwa kuliko ilivyodhaniwa hapo awali, na ilionyesha kuwa wagonjwa wengi walikuwa wakiishi vijijini na mitaani bila kugunduliwa. Kenya ni miongoni mwa nchi ambazo Shirika la Afya Duniani, WHO, limeziorodhesha kuwa zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu na pia wa kifua kikuu kinachoandamana na virusi vya Ukimwi.

Ni katika huo muungano wa maradhi mawili ndipo kaunti hizi mbili hutajwa sana. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa asilimia 4.9 ya Wakenya wenye umri wa miaka 15 hadi 64 walikuwa na virusi vya Ukimwi. Homa Bay ilikuwa na asilimia 19.6, kiwango cha juu kuliko kaunti nyingine yoyote, na Migori asilimia 13.3. Mtu mwenye virusi hivyo hukabiliwa na hatari ya kupata kifua kikuu inayozidi ya mwenzake asiye navyo kwa zaidi ya mara kumi.

Virusi vya Ukimwi vyenyewe huanza uharibifu wao mapema katika ukuta wa utumbo, mahali penye seli nyingi za kinga. Ukuta ukidhoofika, chembechembe za bakteria hupenya na kuingia katika damu, na kinga hubaki katika hali ya taharuki isiyokwisha. Dawa za kupunguza makali hurekebisha sehemu kubwa ya madhara hayo, lakini si yote. Hivyo mgonjwa wa Ndhiwa au Nyatike mwenye maradhi yote mawili huanza tiba ya kifua kikuu utumbo wake ukiwa umekwisha kutikiswa.

Yapo na mambo mengine ya mahali. Katika migodi midogo ya dhahabu ya Nyatike, kaunti ya Migori, vijana kwa wazee huchimba na kusaga mawe, na kuvuta vumbi lenye silika. Vumbi hilo hutia mapafu makovu na kuongeza hatari ya kifua kikuu, liwepo au lisiwepo suala la vijidudu vingine. Katika fuo za Mbita, Sori na Muhuru, wavuvi huhama kufuata samaki, jambo linalofanya kumaliza miezi sita ya dawa katika kituo kimoja kuwa mtihani.

Funzo la Septrin

Kwa miaka mingi watu wenye virusi vya Ukimwi nchini Kenya wamepewa tembe za kotrimoksazoli, zijulikanazo na wengi kwa jina la Septrin, wazimeze kila siku ili kujikinga na nimonia, kuhara na maradhi mengine. Dawa hiyo ni kiuavijasumu. Kwa mantiki ya haraka, mtu angedhani kuwa kumeza kiuavijasumu mwaka baada ya mwaka lazima kuwe na madhara kuliko faida.

Homa Bay ilitoa jibu lake. Katika utafiti uliofanywa huko kuanzia mwaka 2012 na kuchapishwa mwaka 2016, watu wazima 500 waliokuwa wakiendelea vyema na dawa za kupunguza makali waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja liliendelea na Septrin, jingine likaiacha. Walioacha waliugua zaidi, na tofauti kubwa ilikuwa katika malaria, ambayo karibu visa vyake vyote vilitokea upande wao.

Kisha, mwaka 2019, uchunguzi wa watoto wenye virusi vya Ukimwi nchini Uganda na Zimbabwe ulitoa sehemu nyingine ya maelezo. Walioendelea na dawa hiyo walikuwa na uvimbe mdogo wa ndani ya mwili kuliko walioacha, na sababu mojawapo ni kwamba dawa ilizuia baadhi ya bakteria wa utumboni waliohusishwa na uvimbe huo. Yaani kiuavijasumu kiligusa vijidudu vya utumbo, na matokeo yake yakawa mema.

Funzo ni kwamba kubadilika kwa bakteria wa mwilini si msiba kila mara. Huamuliwa kwa kupima afya ya mgonjwa kwanza, kisha ndipo hutafutwa maelezo katika maabara.

Maziwa ya Mwanza

Swali linalofuata kwa kawaida ni hili: kama dawa huondoa bakteria wema, je, haiwezekani kuwarudisha kwa chakula? Ng'ambo ya Ziwa Victoria, mjini Mwanza, Tanzania, jambo hilo lilijaribiwa kuhusiana na virusi vya Ukimwi. Kuanzia mwaka 2004 kikundi cha akina mama, kikishirikiana na wataalamu wa Tanzania na wa chuo kikuu kimoja cha Canada, kilitengeneza mtindi uliotiwa bakteria maalumu na kuwauzia au kuwagawia wakazi.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 ulileta matumaini, kwani watu wenye virusi waliokunywa mtindi huo walionekana kuwa na ongezeko la seli za kinga. Lakini mwaka 2011 yakatoka matokeo ya jaribio lenye masharti makali zaidi. Wanawake wenye virusi walipewa kwa wiki 25 vidonge vyenye bakteria wema au vidonge visivyo na kitu, bila wao wala wahudumu kujua nani amepewa kipi. Hakukuwa na tofauti ya maana katika kiwango cha seli zao za kinga, ingawa vidonge havikuwadhuru.

Hii haina maana kuwa mtindi hauna faida. Ni chakula chenye protini na madini, na mgonjwa anayekonda anakihitaji. Maana yake ni kuwa chakula chema kisiitwe tiba kabla ya kuthibitishwa. Hadi sasa hakuna bidhaa ya bakteria wema iliyopendekezwa na WHO kuwa tiba ya kifua kikuu au mbadala wa dawa zake. Kwa mtu ambaye kinga yake imeporomoka sana, vidonge vyenye bakteria hai vinaweza hata kuleta maambukizi ya damu, japo kwa nadra, na havifai kutumiwa bila ushauri wa daktari.

Tahadhari nyingine yahusu maziwa ya kienyeji. Maziwa yaliyogandishwa bila kuchemshwa yanaweza kubeba kifua kikuu cha ng'ombe na ugonjwa wa bruselosi. Kuganda peke yake si hakikisho la kuua vijidudu hivyo. Maziwa yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yagandishwe. Uji wa wimbi au mtama uliochachushwa kisha ukapikwa hauna hatari hiyo.

Dawa za dukani

Hatari iliyo dhahiri zaidi kuliko zote haitoki katika dawa za hospitalini, bali katika zile zinazonunuliwa bila kipimo. Mtu anayekohoa kwa wiki mbili hupita dukani, akauziwa kiuavijasumu cha siku tano, akapata nafuu kidogo, kisha kikohozi kikarudi. Hununua kingine. Wakati huo wote bakteria wake wa utumboni wanavurugwa bila manufaa, na kifua kikuu, ikiwa ndicho kilichopo, kinaendelea kula mapafu na kuwaambukiza walio nyumbani.

Baadhi ya viuavijasumu hivyo, hasa vya jamii ya siprofloksasini na levofloksasini, vina uwezo wa kumpunguza nguvu bakteria wa kifua kikuu bila kumwangamiza. Mgonjwa hupata ahueni ya uongo, kipimo cha makohozi huweza kuchelewa kutoa jibu sahihi, na bakteria aliyebaki hupata fursa ya kuzoea dawa ambazo zingehitajika baadaye kutibu kifua kikuu sugu.

Mgonjwa afanye nini

Elimu hii mpya haibadilishi kanuni ya kwanza: dawa za kifua kikuu zimezwe zote, kila siku, hadi mwisho. Kuziacha kwa sababu zinavuruga bakteria wa utumboni ni kumwacha mwizi ndani kwa kuhofia kuchafua sakafu. Bakteria wa utumboni huweza kujirudi kwa kiasi kikubwa baada ya muda, lakini mapafu yaliyotobolewa hayarudi yalivyokuwa, na kifua kikuu kisichotibiwa huua. WHO lilikadiria kuwa mwaka 2023 ugonjwa huu uliua watu wapatao milioni 1.25 duniani, licha ya kuwa unatibika.

Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi, au kwa muda wowote ikiwa ana virusi vya Ukimwi, anapaswa kwenda kupimwa makohozi kabla ya kununua dawa. Mashine ya GeneXpert humtambua bakteria na kuonyesha kama amekuwa sugu kwa rifampisini, na jibu hutoka katika muda wa saa mbili tangu sampuli iingizwe. Tiba ya kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya umma.

Mgonjwa amweleze mhudumu kila dawa anayotumia. Rifampisini hupunguza nguvu za dawa nyingine, zikiwamo tembe za kupanga uzazi na baadhi ya dawa za Ukimwi, na daktari huweza kulazimika kuongeza kipimo. Mkojo kugeuka rangi ya chungwa si dalili mbaya. Kutapika kusikokoma, macho kuwa manjano, ganzi miguuni au kuona vibaya ni mambo ya kuripotiwa mara moja, wala si sababu ya kujiamulia kuacha dawa nyumbani. Anayehara kwa siku kadhaa naye arudi kituoni, kwa kuwa kuhara kunaweza kupunguza kiasi cha dawa kinachoingia katika damu.

Lishe ina ushahidi wake. Utafiti mkubwa uliofanywa Jharkhand, India, na kuchapishwa mwaka 2023 ulionyesha kuwa familia za wagonjwa zilizopewa nyongeza ya chakula zilipata visa vipya vichache vya kifua kikuu, pungufu kwa asilimia 39, zikilinganishwa na zile ambazo hazikupewa. Omena, maharagwe, mayai, mboga za kienyeji na nafaka zisizokobolewa hupatikana katika masoko ya Migori na Homa Bay, na hulisha mwili pamoja na bakteria wake.

Kinachosubiriwa

Afrika Mashariki si mgeni katika sayansi ya kifua kikuu. Tiba ya miezi sita inayotumiwa leo ilithibitishwa kwa sehemu kubwa na wagonjwa wa eneo hili, katika utafiti wa pamoja wa nchi za Afrika Mashariki na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza ambao matokeo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972. Kabla ya hapo, matibabu yalidumu mwaka mmoja na nusu, na wengi walikata tamaa njiani.

Utafiti wa vijidudu vya utumbo na mapafu unatarajiwa kusaidia katika mambo matatu: kubashiri nani kati ya walioambukizwa atakayeugua, kutambua mapema mgonjwa ambaye mwili wake hauitikii tiba, na kuwarejeshea afya kamili waliopona. Lakini bakteria wa utumboni hutofautiana kulingana na chakula, maji, dawa na mazingira. Matokeo ya Haiti, Cape Town au ya vizimba vya panya hayawezi kuhamishiwa Mbita au Rongo kama yalivyo. Anayekula ugali wa mtama na omena, anayemeza Septrin na dawa za Ukimwi kila asubuhi, na anayeugua malaria mara kwa mara ana ulimwengu wake wa ndani, na ndio unaopaswa kuchunguzwa.

Mpaka majibu hayo yapatikane, makohozi yanayopelekwa kupimwa mapema na tembe zinazomezwa hadi ya mwisho ndiyo silaha za uhakika. Bakteria wema watapata wakati wa kurudi katika mwili ulio hai.